Ukikosa Mkono, Simama

Chumvi nitatia, sikatai, maana hadithi bila chumvi ni dawa ya minyoo. Lakini nyama iliyomo chunguni ni ya kweli, na mwenye nyama ni mjukuu wangu, yule tunayemwita Sindano. Tulimpa jina hilo kwa sababu mbili. Kwanza ni mwembamba, mvua ikinyesha anapita katikati ya matone na kufika mkavu. Pili, akishaingia kwenye jambo hatoki upande alioingilia. Hutokea upande wa pili.

Mimi humwita mke mwenzangu, kama bibi anavyomtania mjukuu wa kike. Yeye hunijibu kwamba mume wetu alipokufa alimwachia yeye nyumba, mimi ni mpangaji tu, na nisipochunga ulimi atanitolea godoro nje.

Akiwa na miaka sita aliifungua redio yangu kumtafuta msomaji wa taarifa ya habari. Hakumpata. Akaifunga ilivyokuwa, zikambakia skrubu tatu kiganjani, na tangu siku ile redio ikawa inashika hata stesheni ambazo hazijafunguliwa. Hapo nikajua mtoto huyu kitabu chake ni bisibisi.

Leo ni fundi wa kompyuta katika kiwanda cha mabomba ya zege, yale makubwa ambayo mtu mzima hupita ndani bila kuinama. Katikati ya yadi kuna winchi ya mnara, inayotembea juu ya reli, na huko juu kabisa kuna kichumba cha vioo. Aliyekaa katika kichumba hicho kwa miaka ishirini na miwili ni baba yake Sindano, mwanangu wa pili. Kiwanda kizima kinamwita Kunguru, kwa kuwa umri wake umekwenda akiwa amekaa juu ya nguzo, akiangalia wenzake utosini. Ngazi ya kumfikia ina vidato mia moja arobaini na viwili. Niliipanda mara moja, kumpelekea miwani aliyoisahau. Kidato cha mia nilikutana na wingu changa, likanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, tukapishana.

Basi goti la Kunguru likaisha. Lilianza kulia kila akikunja mguu, mpaka paka wa nyumba akawa analivizia akidhani kuna panya. Daktari akamwambia, "Kutembea, sawa. Kukaa, sawa. Ngazi, basi." Kunguru akaipeleka karatasi ya daktari kwa mkuu wa mitambo.

Mkuu huyo tunamwita Bwana Risiti. Si mtu mbaya. Ila hata ukimsalimia anataka uandike kwamba salamu imetolewa, naye aandike kwamba imepokewa. Aliisoma karatasi mara mbili, akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna kitu, akasema, "Kunguru, nakuheshimu. Lakini winchi haiendeshwi kwa heshima. Kuna dereva mwingine yuko tayari kuanza."

Sindano alikuwa chini ya meza ya ofisi ile ile anarekebisha waya. Akatoa kichwa.

"Mkuu, nipe wiki tatu. Nitamshusha baba bila kumtoa kwenye winchi."

"Utafanyaje hivyo?"

"Akae chumba cha chini. Tumpe kiti, vijiti viwili vya kuendeshea, na skrini ya kuonyesha kamera za juu. Mnara unatembea, waya utakatika kila siku, kwa hiyo amri zitapita hewani, kutoka antena hadi antena."

"Na ukishindwa?"

"Dereva wako aje."

Ndivyo riziki ya mwanangu ilivyoning'inizwa kwenye ndoano, na kamba akashikishwa mwanawe.

Shida ikawa moja: amri hizo zipelekwe na nani? Nakueleza kama nilivyoelezwa. Kompyuta hazipelekeani habari kwa mkupuo. Huzikata vipande, kila kipande kikafungwa kama barua yenye anwani. Mafundi huziita pakiti. Na kanuni za kuzipeleka, itifaki kwa lugha yao, ziko kadhaa, lakini mbili ndizo zinazogombanisha watu. Moja ni TCP, nyingine UDP. Mimi niliona herufi hizo hazina ladha, nikaziajiri. Ya kwanza ni Tarishi wa Risiti, ya pili ni Tarishi wa Mbio.

Tarishi wa Risiti akikuletea barua anangoja utie sahihi. Barua ya tano ikipotea njiani, ya sita, ya saba na ya nane, hata kama zimeshafika, zinazuiwa getini mpaka ya tano itumwe upya. Hakipotei kitu, hairukwi foleni. Tarishi wa Mbio yeye anarusha barua dirishani huku anakimbia. Ikiingia, heri. Ikiangukia mtaroni, hageuki nyuma.

Bwana Risiti alipoelezwa hivyo hakuhitaji hata kumaliza chai.

"Huyo wa kwanza," akasema. "Sijapoteza karatasi tangu nianze kazi, siwezi kuanza na winchi."

Sindano naye alikubali, maana hata yeye aliona ni busara: mzigo mzito apewe mwaminifu.

Siku ya jaribio mimi sikuwapo, lakini nimesimuliwa na watu wanne, nami nimechagua iliyo tamu. Asubuhi, mashine zikiwa zimezimwa, ndoano tupu ilimfuata Kunguru kama mbwa aliyelelewa vizuri. Kushoto, kushoto. Juu, juu. Saa nne mashine za kuchanganya zege zikaanza kunguruma, malori yakaingia, vumbi la saruji likatanda, na barua zikaanza kupotea hewani. Kunguru akavuta kijiti kushoto. Ndoano imetulia. Akavuta zaidi. Kimya. Halafu ndoano ikakumbuka yote kwa pamoja. Ikaenda kushoto, ikaenda tena kushoto, na Kunguru aliporudisha kijiti katikati bado yenyewe ilikuwa inatekeleza amri za zamani. Ikalifikia tangi la maji, ikalilaza chali kama mlevi.

"Hii siyo winchi," Kunguru akasema, mikono juu. "Ni mume aliyenuna. Unamuuliza asubuhi, anakujibu jioni."

"Mume aliyenuna umemjulia wapi wewe?" akauliza mpiga ishara, mama mmoja wa glavu nyekundu, ambaye kazi yake ni kusimama chini na kumwelekeza dereva wa winchi kwa mikono.

"Muulize mama yangu."

Sindano hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye kompyuta yake, anasoma saa ya kila barua: imetoka lini, imefunguliwa lini. Kisha akamfuata Bwana Risiti, aliyekuwa analitazama tangi kwa huzuni.

"Mkuu, barua zote zilifika. Zote, kwa mpangilio. Ndiyo maana tangi limelala."

"Unalaumu uaminifu, binti?"

"Nalaumu uzee. Amri ya winchi ina umri wa inzi. Ikikaa robo ya sekunde getini siyo amri tena, ni historia. Moja inapotea, zote za nyuma yake zinazeeka zikiingoja."

"Kwa hiyo unataka tarishi anayepoteza?"

"Nataka asiyesubirisha."

Bwana Risiti akavuta karatasi, akaandika kwamba jaribio la pili ni kwa hatari ya mwombaji. Sindano akasaini kwa haraka, kalamu ikatoboa hadi karatasi ya chini.

Wiki nzima aliandika upya. Nilikuwa namwona mezani kwangu, mdomo umekazwa, penseli iko sikioni na nyingine iko kwenye nywele. Nikamuuliza, "Mke mwenza, huyo Tarishi wa Mbio ana mchumba?" Akasema, "Bibi, akikuchumbia wewe atakurushia mahari dirishani na kukimbia." Nikajua bado ana nguvu.

Alhamisi wakajaribu, sasa na gunia la mchanga kwenye ndoano. Na kweli ilikuwa nyepesi! Mashine zinanguruma, vumbi limetanda, na gunia linakwenda na mkono wa Kunguru kama kivuli chake. Watu wakaanza kupiga makofi. Bwana Risiti akatoka ofisini na karatasi yake, akasogea karibu aone vizuri. Mama wa glavu akafumba ngumi: simama. Kunguru akarudisha kijiti katikati. Kompyuta ikatuma barua moja, "simama," kama Sindano alivyoifundisha. Na barua hiyo, kati ya zote, ndiyo iliyoangukia mtaroni.

Gunia likaendelea kupanda. Kunguru akakibana kijiti pale pale katikati, lakini kompyuta ilishasema mara moja, hairudii, mpaka huko juu swichi ya usalama ikakata umeme kwa kishindo. Gunia likapasuka. Mchanga ukamshukia Bwana Risiti wote, hata punje moja haikukosea anwani. Wanasema alikohoa mchanga siku mbili. Mimi ninavyojua bado anakohoa, na jirani zake wanaujengea.

Alijifuta macho, akasema taratibu, bila kelele, na hilo ndilo lililowatisha. "Jumatatu, saa nne. Mara ya mwisho. Na nitajaribu mwenyewe ninavyotaka. Ikishindikana, Jumanne dereva mwingine anapanda."

Jumapili mchana Kunguru alikuja kukaa kwenye ukingo wa meza ya binti yake.

"Mwanangu, pumzika. Nitaomba kazi ya ulinzi, pale getini."

"Getini kuna ngazi?"

"Hakuna."

"Kuna winchi?"

"Hakuna."

"Basi usinitajie geti, baba."

Nikaona nyumba imekuwa nzito, nami nyumba nzito siiwezi. Nikawakumbusha kwamba tangi letu la maji, la chuma, liko chini wiki ya tatu sasa, na mnara wake umeshajengwa nyuma ya nyumba. "Mafundi wawili wa winchi ndani ya nyumba moja," nikasema, "na mimi naoga kwa kikombe."

Wakatoka. Kamba ikapitishwa kwenye kapi juu ya mnara. Jirani wawili na Sindano wakashika kamba upande wa pili wa ukuta, mahali ambapo tangi hawalioni. Kunguru akasimama kwenye kona, anaonekana pande zote mbili, akainua mkono, akaanza kuzungusha kidole: pandisha, pandisha. Tangi likapanda. Kunguru akajaa hewa. Kifua mbele, kidole kinazunguka, utadhani jua nalo linapanda kwa ruhusa yake. Mtu akijaa hewa namna ile mbele ya mama yake, mama ana wajibu. Nikachomoa njiti moja ya ufagio, nikamfuata nyuma, nikamtekenya kwapani.

Akaruka, akabana kwapa, mkono ukashuka.

Tangi likasimama pale pale hewani.

"Mama! Una miaka mingapi wewe?"

"Ile ile ya mwaka jana, na kidogo."

Nyuma ya ukuta jirani mmoja akauliza kwa kuhema, "Mbona tumesimama? Nani kasema simama?"

Nikasikia sauti ya Sindano, ndogo, kama mtu anayeongea na jino linalouma.

"Hakuna aliyesema."

Akachungulia kwenye kona, kamba bado iko mikononi.

"Baba. Nilipokuwa mdogo, ukinituma kuvuta kamba, ulinifundisha nini kuhusu mkono?"

"Ukikosa mkono, simama," Kunguru akajibu, bado anajikuna. "Hilo halihitaji shule. Moshi umeuziba, mpiga ishara kaenda kupiga chafya, mama yake kamtekenya, usiulize. Huuoni mkono, unasimama."

"Na wakati wa kupandisha, mkono unasema mara moja?"

"Mara moja? Unazunguka muda wote! Mzigo ukipanda, mkono unazunguka."

"Nikipepesa macho nikakosa mzunguko mmoja?"

"Utaona unaofuata. Kwani mkono unakwenda wapi?"

Sindano akaachia kamba, akakimbilia ndani. Jirani wawili wakabaki na tangi peke yao. Yule mfupi aliinuliwa mpaka akaona nguo zilizoanikwa mtaa wa tatu, na ametusimulia rangi zake. Kunguru akazungusha mkono kwa pupa, nami nikautundika uzito wangu kwenye kamba, na hivyo tangi likafika mahali pake.

Nilipoingia ndani nilimkuta anafuta kazi ya wiki nzima bila huruma.

"Bibi, nilimwajiri Tarishi wa Mbio, halafu nikamtuma kwa tabia za Tarishi wa Risiti. Nampa neno moja, mara moja, nakaa naamini limefika. Kosa halikuwa la tarishi."

Sasa akampa kazi inayomfaa. Vijiti havitumi tena maneno ya "pandisha" na "simama." Kila sekunde moja, mara hamsini, vinasema tu viko wapi: hapa, hapa, hapa. Kila barua ina namba. Ikifika iliyochelewa nyuma ya mwenzake, winchi inaitupa bila kuifungua. Ikipotea moja, ya pili yake iko mlangoni. Na zikikosekana zote kwa sehemu ya tano ya sekunde, winchi haiulizi, inafunga breki yenyewe. Mkono umepotea.

"Na Tarishi wa Risiti umemfukuza?" nikauliza, maana nilishaanza kumzoea.

"Simfukuzi. Uzito wa kila bomba, saa za kazi, taarifa za hitilafu, hayo yote yanaweza kungoja, lakini hayatakiwi kupotea. Hayo ni yake. Atapita njia yake, asimzibie mwenzake."

Jumatatu nilikwenda mwenyewe. Hiyo sikukubali kusimuliwa. Saa nne, Bwana Risiti akaamuru mashine zote ziwashwe, hata moja mbovu ambayo kazi yake ni kelele tu. Malori matatu yakapangwa kati ya antena na antena. Kwenye ndoano likafungwa bomba zima, tani mbili. Mama wa glavu nyekundu akainua mkono. Kunguru, chini, kwenye kiti, goti limenyooshwa juu ya kigoda, akashika vijiti.

Bomba likapanda. Likaenda kulia, likapita juu ya lori la kwanza, la pili, likatulia pale mkono ulipotaka litulie, likaondoka pale mkono ulipotaka liondoke. Sindano alisimama nyuma ya kiti cha baba yake.

Bomba likiwa njiani, mita nne juu, Bwana Risiti akatembea hadi ukutani, akashika waya wa antena, akauchomoa.

Bomba likapunguza mwendo, likasimama, kama mtu aliyeitwa jina lake nyuma. Likaning'inia. Bwana Risiti akahesabu kwa midomo mpaka thelathini. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua tangu moja. Akauchomeka waya tena. Bomba halikutikisika.

"Mbona haliendi?" akauliza.

"Linamngoja baba arudishe vijiti katikati kwanza," Sindano akasema. "Winchi haiwezi kuondoka kwa amri ya kabla mkono haujapotea. Mkono ukirudi, tunaanza upya."

Kunguru akarudisha vijiti katikati, akavuta kidogo. Bomba likaondoka, likashuka, likalala juu ya mbao zake bila sauti.

"Barua ngapi zimepotea?" akauliza Bwana Risiti.

Sindano akatazama skrini. Angeweza kupunguza. Mimi ningepunguza. "Mia nne na kumi, Mkuu. Ukiacha zile za kuchomoa waya."

"Mia nne na kumi!" Akashika paji la uso. "Na bomba?"

"Liko pale ulipotaka."

Akalitazama bomba. Akatazama skrini ya pili, ambapo Tarishi wa Risiti alikuwa amepanga uzito, saa na dakika, mstari kwa mstari, bila pengo hata moja. Hapo uso wake ukalegea, kama mtu aliyekuta picha ya mama yake ugenini. Akachukua kalamu, akaandika: "Kunguru aendelee." Akasaini, akapiga muhuri, akatoa nakala tatu. Moja akanipa mimi, mpaka leo sijui kwa nini, nimeibandika juu ya tangi.

Kunguru sasa anaingia kazini kwa miguu yake, polepole, bila kidato hata kimoja. Analalamika, lakini hiyo ni afya. Anasema huko juu hakuna aliyemfuata na shida zake, sasa kila mtu anapita dirishani kumweleza za nyumbani kwake. Sindano ameshahamia kwenye jambo jingine: anataka kupunguza zile mia nne na kumi. Nikamwambia, mke mwenzangu, si ulisema zinaruhusiwa kupotea? Akasema kuruhusiwa siyo kupendwa.

Juzi nilikwenda kumpelekea mwanangu miwani, bado anaisahau. Nikasimama getini. Kunguru akaniona kupitia dirisha lake, akainua mkono, akazungusha kidole: njoo, njoo. Nikaanza kutembea. Nikiwa katikati ya geti, mtu akamsemesha, mkono ukashuka.

Nikasimama. Nyuma yangu lori la saruji likapiga honi, likapiga tena, dereva akatoa kichwa. "Bibi, sogea basi!"

"Piga honi mpaka betri iishe, mwanangu," nikamwambia. "Mkono umepotea."